Barua kwa mwanangu: mhariri na neno "dull"

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako nimezipata, na kurasa ulizonitumia nimezisoma zote. Unasema mhariri amekurudishia tafsiri yako ya ile riwaya akiwa amezungushia duara kila penye neno "dull", na pembeni ameandika "tena?". Sasa unaniuliza kama Kiingereza kina maneno mengine ya kueleza kitu kilichopooza, kisicho na rangi, au ni wewe tu umeishiwa.

Kinayo, tena tele. Ila sitakupa orodha. Orodha zimejaa kwenye kamusi za visawe, na hizo ndizo zinazowaponza wafasiri: utakuta maneno yamepangwa mstari mmoja kama ndugu, kumbe mengine hata hayasalimiani.

Rudi kwanza kwenye Kiswahili chako. Mwandishi hakutumia neno moja. Pazia amesema limechujuka, sinia la shaba limefubaa, uso wa mgonjwa umesawijika, anga limefunga mawingu, mchuzi chapwa. Wewe yote ukayabandika "dull". Lakini pazia limepungukiwa rangi, sinia mng'aro, uso damu, anga mwanga, mchuzi ladha. Ukishajua kilichopungua, neno la Kiingereza halikusumbui.

Tukae kidogo na hilo pazia. Likiwa limepigwa na jua mpaka rangi ikaisha, ni "faded". Ukifunua mikunjo yake utaikuta rangi ya zamani imejificha ndani, huku sehemu ya nje imepauka. Likiwa limefuliwa na kufuliwa hadi rangi ikatoka, "washed-out", neno ambalo hutumika pia kwa picha zilizopauka na kwa watu waliochoka hoi. Lakini kama rangi ipo, ila imefunikwa na moshi na vumbi, hilo ni "dingy". Litamke "dinji", maana ukikosea utakuwa umetaja mashua ndogo. "Dingy" ni giza na uchafu kwa pamoja, na chumba kizima chaweza kuitwa hivyo. Ukibabaika, lifue pazia kichwani mwako: likirudi rangi, lilikuwa "dingy", lisiporudi, ni "faded".

"Drab" ni kisa kingine. Pazia jipya kabisa, safi, laweza kuwa "drab", kwa sababu tangu lishonwe halijawahi kuchangamsha jicho la mtu. Neno hilo asili yake ni "drap" ya Kifaransa, yaani kitambaa. Kiingereza kikalitumia kwa kitambaa kisichotiwa rangi, kisha kwa ile rangi yenyewe ya kikahawia-kijivu, mwishowe kwa chochote kinachochosha kutazama. "Beige" nayo ilitoka Ufaransa, ikiwa sufu iliyoachwa na rangi yake ya asili. Bado ni rangi yenye heshima zake, ingawa siku hizi mtu akiitwa "beige" ajue hajasifiwa.

Sinia halina shida. Fedha, shaba na shaba nyeupe zikifubaa ni "tarnished". Usiliambie chuma hivyo, chuma hushika kutu. Utakutana pia na "lacklustre", lisilo na mng'aro. Shakespeare alilitumia kwa jicho la mtu. Leo linapendwa zaidi na waandishi wa michezo, kwa timu iliyocheza bila moyo. Kwa sinia mimi nisingelitumia.

Penye uso ndipo nilipokunja uso wangu. "Pale" ni neno la kawaida tu, halina ubaya. "Pallid" ni "pale" iliyougua. "Wan" ni udhaifu na uchovu, hata tabasamu laweza kuwa "wan". Na ajabu ni kwamba katika Kiingereza cha kale neno hilo lilimaanisha giza, likageuka polepole mpaka likawa weupe. "Sallow" ni ngozi iliyoingia umanjano. "Ashen" ni rangi ya majivu, ya mshtuko au ugonjwa mkali. Sasa angalia: mengi ya maneno haya yalizaliwa kwa watu waliokuwa wakitazama ngozi nyeupe, na mgonjwa wako ni mtu mweusi. Ukimwandika "pale", msomaji atasita. Hata wauguzi hufundishwa kwamba kwenye ngozi nyeusi upungufu wa damu huonekana kama ukijivu, na kwamba ni afadhali kuangalia ndani ya kope na midomo. Kwa hiyo mpe "ashen", au umweleze hiyo midomo yake na uachane na neno moja. Na "livid" usiiguse kabisa. Zamani ilikuwa rangi ya madini ya risasi, au ya mwili uliovilia damu, lakini msomaji wa leo ataelewa kwamba mgonjwa amefura kwa hasira.

Anga lililofunga mawingu ni "overcast", basi. Ukisema "bleak" umeongeza baridi na kukata tamaa. Ukisema "dreary" umeongeza huzuni inayochosha. Hilo la mwisho hunichekesha kila nikilikumbuka, kwa sababu katika Kiingereza cha kale lilihusu kitu kilichotapakaa damu. Neno la uwanja wa vita limeishia kwenye manyunyu ya mvua.

Mchuzi: "bland" ikiwa hauna viungo, na hapo hakuna tusi, kwani wapo wagonjwa wanaoshauriwa wale hivyo. "Insipid" ni tusi. Mhusika wako anamchukia shemeji yake aliyepika, kwa hiyo hapa tusi linafaa. "Vapid" iache kwa maneno matupu ya watu, ingawa asili yake ni ya divai iliyopoteza ladha.

Mara moja umejaribu kujinasua kwa "colourless". Kwa pazia halifai, labda kwa mtu asiye na mvuto wowote. Makazi yake hasa ni maabara, na huko hawachezi nalo: maji yana sifa zote mbili, "clear" na "colourless", lakini myeyusho wa salfeti ya shaba ni "clear", kwa sababu unapitisha mwanga, na bado ni wa buluu. Wanafunzi wa kemia hupoteza alama hapo.

Lile gauni la shangazi kwenye sura ya nne umeliita "drab", na hapo umemwonea. Mwandishi anasifu rangi yake ya upole. Andika "muted", au "subdued".

Mwisho, duara mbili za mhariri nazipinga. Maumivu ya mgongo yanayouma chini kwa chini ni "dull ache", na kishindo kizito cha gunia lililoanguka ni "dull thud". Hapo hakuna neno lingine la kuhangaikia. Mjibu kwa adabu kwamba hizo zinabaki.

Mama yako