Tetemeko ndani ya kompyuta: majibu kwa wasomaji

Eti wataalamu wanatengeneza matetemeko kwenye kompyuta. Ina maana watatuambia lini litakuja? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hapana, na anayekutajia siku mkimbie. Wao wanauliza hivi: ufa fulani wa miamba chini ya ardhi ukifyatuka, ardhi ya mtaa fulani itachezaje? Mwaka 2008 huko California waliiga tetemeko la ukubwa wa 7.8 kwenye ufa wa San Andreas, likipasua takriban kilomita 300. Mawimbi yakaonekana yakipita kwenye mabonde ya udongo laini hadi Los Angeles, mji usiokalia ufa huo.

Si watumie tu rekodi za matetemeko yaliyopita? (Mwalimu, Sumbawanga)

Rekodi zipi, Mwalimu? Lile la huko kwenu Rukwa la mwaka 1910, linalokadiriwa kuwa la 7.4, halikukuta kifaa cha kulipima hapo jirani. Ndiyo maana tunaazima hesabu za nchi ambazo miamba yake si kama yetu. Uigaji unasaidia kuziba pengo hilo.

Septemba 2016 hapa Bukoba nyumba ya jirani ilianguka, yangu ikapata nyufa mbili tu. Watu wakasema ni mkono wa mtu. (Mama wa watoto wawili)

Pole, mama. Lile lilikuwa la 5.9. Weka mezani bakuli la uji mzito na kipande cha ubao, kisha ugonge meza. Ubao unatulia papo hapo, uji unaendelea kuchezacheza. Ubao ni mwamba, uji ni udongo laini. Mwaka 1985 Mexico City, iliyojengwa juu ya tope la ziwa la kale, iliumizwa na tetemeko lililotokea zaidi ya kilomita 350 kutoka hapo. Tope lilibembea kila baada ya sekunde 2 hivi, mwendo uleule wa majengo ya ghorofa 6 hadi 15, na hayo ndiyo yaliyoanguka zaidi. Kwa jirani yako ningeuliza pia: tofali zilichomwa? Lenta ilikuwepo? Mchawi baadaye.

Kompyuta yenyewe inaaminika? (Fundi, Nakuru)

Kwa mawimbi ya polepole yanayoyumbisha maghorofa, vizuri tu. Mitikisiko ya harakaharaka, inayoumiza nyumba za chini, bado inawasumbua, maana hutegemea udongo wa juujuu ambao sehemu nyingi haujapimwa. Na kuupima hakuhitaji kompyuta kubwa: bamba la chuma, nyundo nzito, na vipokezi vya mtikisiko vilivyochomekwa ardhini kwa mstari. Unagonga, unasoma wimbi limechukua muda gani kufika.