Sendofu ya kukopa: jibu kwa dada wa Kibirizi

Dada yangu, umeuliza kama mkope milioni mbili ili sendofu ya binti, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, isizidiwe na ya jirani, na mumeo anategemea dagaa. Msikope. Riba ya asilimia 10 kwa mwezi, kama mtaji utarudishwa wote mwisho wa miezi 6, ni laki mbili kila mwezi: milioni moja na laki mbili juu ya deni. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti dagaa na mitumbwi inalala ufukweni, lakini riba inahesabiwa vilevile.

Kosa kubwa ni kupanga bajeti kwa ahadi za michango. Daftari la kamati linasoma milioni tatu, ukumbi unalipiwa malipo ya awali, kisha nusu ya walioahidi hawapokei simu. Pangeni kwa fedha iliyo mkononi wiki tatu kabla, na idadi ya wageni ifuate hapo. Watu 100: mchele kilo 15, nyama kilo 20 hadi 25, samaki aina ya migebuka ukiwapata kwa bei nzuri, na turubai uani.

Futeni kwanza sare za kamati na gari la kukodi. Hivyo ndivyo vya kuonekana, na vinaliwa na picha tu. Chakula msikipunguze, mgeni aliyerudi na njaa ana haki ya kulalamika.

Wifi na mashangazi watanung'unika. Mumeo awaite mapema, awaonyeshe daftari, na anayetaka ukumbi aulipie yeye, taslimu.