Kazi ya kambini Japani: kabla hujasaini, uliza kadi yako itaenda wapi

Wiki hii nimepigiwa simu na vijana wawili, mmoja yuko Nagoya mwingine Saitama, wote asili ya nyumbani ila wana pasipoti ya Marekani, na wote swali ni lilelile: kaka, nimepata kazi ndani ya kambi ya jeshi la Marekani ya Yokosuka, mshahara wa dola, niende nisiende? Nikaona bora niandike hapa mara moja, maana kueleza kwa simu nimechoka na hili jambo mimi limenila miaka minane.

Mimi ni mtu wa Mombasa, Marekani nilipelekwa mdogo wazazi walipopata grinikadi, uraia ukaja baadaye. Agosti 2010 nikaja Japani kufundisha Kiingereza, nikapenda, nikakaa. Viza ya kazi nikawa narefusha, kodi nalipa, nenkin (pensheni ya huku) nalipa, bima nalipa, na kichwani nina hesabu moja tu, miaka kumi mfululizo ili niombe eijuken, ile ruhusa ya kukaa moja kwa moja. Mwaka 2018 nilikuwa nimebakisha miwili. Ndo kampuni moja ya kikontrakta inayofanya kazi za kompyuta kambini ikanitafuta. Mshahara karibu mara mbili ya wa shule. Dada wa ajira kwenye simu akaniambia utakuwa chini ya SOFA, usiwe na wasiwasi, utaishi Japani kama kawaida.

Nilipompigia mama kumwambia nitapewa SOFA akaniuliza, "Sofa? Wamekununulia kochi?" Tulicheka sana, lakini kusema kweli mimi mwenyewe sikuwa najua zaidi yake.

SOFA ni mkataba wa mwaka 1960 kati ya Japani na Marekani kuhusu hadhi ya wanajeshi wao walioko huku. Wanaoingia humo ni wanajeshi, raia wa Marekani wanaolifanyia jeshi kazi, pamoja na familia zao. Ibara ya 9 inasema wanajeshi hawahusiki na sheria za Japani za pasipoti na viza, na wao na hao raia wa kazini na familia hawaandikishwi kama wageni wengine. Hapo unaona raha tupu. Sasa soma mbele kidogo, ibara hiyohiyo inasema watu hao hawahesabiwi kuwa wanapata haki yoyote ya makazi ya kudumu Japani. Yaani unaweza kukaa miaka ishirini, ukanunua samaki kwa muuzaji yuleyule mpaka akujue jina, kwa serikali ya Japani bado haujaanza kukaa.

Halafu mkataba unawatoa raia wa kazini ambao tayari ni wakazi wa Japani, na mwaka 2017 nchi mbili hizi zikasaini nyongeza ya kubana zaidi, kwamba mwenye hadhi ya ukazi ya Japani asiwe mtu wa SOFA. Kwa hiyo vitu hivi viwili havikai kwenye mfuko mmoja. Ukitaka kimoja unaacha kingine.

Mimi hadhi yangu ya ukazi niliiacha uwanja wa ndege wa Narita. Kabla ya hapo nilishaenda ofisi ya jiji kujiandikisha kwamba nahama, bima ikakatwa, jina likatoka kwenye rejista. Uwanjani kwenye fomu ya kutoka sikutia tiki kile kiboksi cha kwamba narudi kwa viza yangu. Afisa akaangalia fomu, akaangalia kadi yangu ya zairyu, yaani kadi ya ukazi, akaniuliza taratibu kama nina uhakika. Nikasema ndio. Akachukua kidude kama kile cha kutobolea karatasi za faili, akaitoboa, akanirudishia kwa mikono miwili kama wanavyorudisha kila kitu. Ninayo mpaka leo kwenye droo, ina tundu. Miaka minane imetokea kwenye tundu lile.

Nisiwe mnafiki, kuna utamu. Duka la kambini bei nzuri, gari yenye namba ya Y, ile ya watu wa SOFA, kodi yake kidogo, mshahara haukatwi kodi ya mapato ya Japani (ya Marekani iko palepale usijidanganye). Na 2020 wakati wa korona wageni wengi wenye kadi halali walikwama nje miezi kadhaa hawaruhusiwi kurudi kwao Japani, watu wa SOFA tukawa tunaingia. Lakini mwaka huohuo serikali ikagawa yen 100,000 kwa kila aliyekuwa kwenye rejista ya wakazi tarehe 27 Aprili, mgeni na mwenyeji, na bibi jirani yangu ananiuliza mlangoni, fomu yako imefika? Haijafika bibi. Haitafika, mimi kwenye rejista simo. Nilishindwa hata namna ya kumweleza, nikasema posta wanachelewa.

Sasa 2021 kampuni ikakosa tenda. Ikaja kampuni nyingine na watu wake. Hapo ndo nilielewa SOFA yako ni ya kazi, si yako, kazi ikiisha na yenyewe imekwisha. Unakuwa na siku 30 za kwenda uhamiaji kuomba hadhi mpya, inaitwa zairyu shikaku shutoku, na bila hadhi unaweza kukaa mwisho siku 60. Nilipanda basi kutoka Shin-Sugita kwenda uhamiaji wa Yokohama na mkataba wa shule mpya mkononi bado karatasi ina joto la printa. Wakanipa mwaka mmoja. Mwaka mmoja, kama mtu aliyeshuka ndege jana. Hesabu ya miaka kumi ikaanza upya siku ile.

Ila msije mkasema nimewaambia kazi zote za kambini ni mbaya, hapana, na hapa ndo watu wengi wanachanganya. Nina rafiki Mganda, mke wake Mjapani, yeye anafanya kazi kambi hiyohiyo na tulikuwa tunapishana getini kila asubuhi. Yeye ameajiriwa na serikali ya Japani, jeshi la Marekani linamtumia tu. Waajiriwa wa namna hiyo wako elfu ishirini na kitu nchi nzima, ajira zao zinasimamiwa na taasisi ambayo wenyewe wanaiita Elmo. Kadi yake haikuguswa, anakatwa kodi na bima kama Mjapani mwingine, bonasi mara mbili kwa mwaka, na eijuken ameshapata. Duka la bei rahisi haruhusiwi, basi. Lakini yeye ana viza ya ndoa ambayo haina mipaka ya kazi. Kama una viza ya kazi ya fani fulani, usidhani unaweza kwenda kubeba mizigo bandarini kambini, hiyo viza inaangalia unafanya nini.

Kwa dada zetu hili liko tofauti kidogo. Mke wa mwanajeshi anaingia SOFA hata akiwa na pasipoti ya Tanzania. Namjua dada wa Tanga alikuwa anasoma Fukuoka, akaolewa na mwanajeshi wa Okinawa, kadi yake ya mwanafunzi akaiacha. Ndoa ikavunjika baada ya miaka minne. Talaka ikamwondolea mume na ruhusa ya kukaa Japani kwa mpigo mmoja, akawa anatafuta wakili na mwajiri ndani ya wiki zilezile anazolia.

Kwa hiyo ukipigiwa simu usianze na mshahara. Uliza mwajiri wangu kwenye karatasi ni nani, serikali ya Japani au kampuni ya Marekani? Nitaingia SOFA au nabaki na kadi yangu? Tenda inaisha lini? Na majibu yaje kwa barua pepe, si kwa sauti ya dada wa ajira, mimi ile sauti yake nzuri siwezi kuipeleka uhamiaji.

Yule wa Saitama ana miaka tisa na miezi minne. Nimemwambia asiguse kitu, aombe eijuken, na akishaipata aje kambini kwa mlango wa Elmo si wa SOFA maana hata eijuken inaachwa palepale Narita. Wa Nagoya ana mwaka mmoja na nusu, hana mke, hana mpango wa kuzeekea huku. Huyo nimemwambia aende tu akakusanye dola zake.