Kwa wa nyumbani Kirumba, Mwanza: habari za ziwa la huku

Mdogo wangu, umeniuliza mbele ya mama mdogo na shemeji kama ni kweli huku ziwa linakuwa gumu mpaka magari yanapita juu, na kama maisha ya Duluth, mji huu wa Minnesota, Marekani, ndiyo yale ya kwenye picha ninazotuma. Nakujibu bila kuficha. Picha zile ni za Julai. Sasa ni Aprili, na nimevaa makoti mawili.

Ziwa hili, Superior, kwa eneo linalizidi hata letu: kilomita za mraba kama 82,000, Victoria 68,800. Halifungi lote kila mwaka, ila bandari na vighuba huganda. Magari hupita zaidi kwenye maziwa madogo ya bara. Watu hutoboa barafu na kuvua shimoni.

Baridi nimeizoea. Kilichonishinda ni ukimya. Sisi tumelelewa na maji yanayopiga mawe usiku kucha, na injini za wavuvi wa dagaa zikirudi alfajiri. Huku natoka zamu ya usiku, nasimama ufukweni, ziwa halisemi kitu. Miezi mitatu, minne. Mwaka wa kwanza nililia pale, na nyumbani nikawaambia mambo safi.

Halafu linaachia, na si kwa siku moja. Barafu hupoteza weupe, inakuwa ya kijivu, kisha nyeusi. Ukiiona hivyo usikanyage hata kama ni nene, maana imeoza ndani, imegawanyika vijiti vilivyosimama kama mishumaa. Ukingoni ndiko hutangulia kuyeyuka. Mguu wangu uliwahi kuzama hapo mpaka gotini, hatua mbili tu kutoka nchi kavu.

Baada ya hapo kazi ni ya upepo. Mnajua magugu maji yanavyoziba mwalo jioni, kukicha upepo umegeuka na maji yako wazi? Ndivyo hivyo. Sisi tuko kwenye ncha ya magharibi, kwa hiyo upepo wa mashariki ukivuma, barafu iliyovunjika inarundikana kwetu. Vipande vyembamba kama kioo cha dirisha vinapandiana, vinalia kama glasi nyingi kwenye sinia moja. Jana niliokota kimoja, nikaona vidole vyangu upande wa pili. Mwaka 2014 barafu ilikaa ziwani mpaka Juni. Ndiyo maana meli ya kwanza ya mwaka ikiingia, watu wazima wanatoka kuitazama.

Uje? Kazi ipo. Lakini kodi ya nyumba inakula karibu nusu ya mshahara wangu, na hela ninayotuma inatoka kwenye kazi ya pili. Ukija, usije Novemba. Njoo mwezi wa tano, ulisikie ziwa likisema kabla hujalikuta limenyamaza.

Na mama mdogo, ile sauti uliyonirekodia Mwaloni asubuhi, akina mama wakipatana bei ya dagaa, na mawimbi kwa nyuma: naomba nyingine, ndefu zaidi. Ile nimeisikiliza tangu Desemba.