Dinari mia si pesa ndogo

Mwaka 2019 zamu yangu ya upatu ilifika: shilingi 1,800,000. Cherehani ya ovaloki nilishaiona Kariakoo, bei tumeshapatana. Kaka yangu akapiga simu. Ana mzigo wa vitunguu, kapungukiwa, wiki mbili tu anarudisha. Nikatuma. Wiki mbili zikawa miaka minne.

Sikugombana naye. Chuki yangu ilikuwa ya kimya kimya. Krismasi tukikutana nyumbani Moshi, yeye akiingia jikoni mimi natoka kuteka maji, hata kama ndoo zimejaa. Ujumbe wa ule muamala niliutunza. Nimebadilisha simu mara mbili na kila mara nikahama nao. Na Jumapili nasema na wenzangu, "utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu." Nikifika kwenye "kama", sauti inashuka.

Kilichonishtua ni Mathayo 18, ule mfano wa mtumwa asiyesamehe: bwana wake anamfutia deni la talanta elfu kumi, naye anatoka na kumkaba koo mwenzake mwenye deni lake la dinari mia. Siku zote niliuelewa hivi: vyako ni vidogo, achilia. Usiku mmoja nikapiga hesabu. Sura ya 20 inasema kibarua wa shambani alipatana dinari moja kwa siku. Basi dinari mia ni siku mia za jasho. Hiyo si pesa ya vocha! Yesu hakusema ninachodai ni kidogo. Alisema nimemkaba mtu koo ilhali mimi nimefutiwa talanta elfu kumi, deni ambalo kibarua hawezi kulimaliza hata akizaliwa mara elfu.

Halafu juu kidogo, mstari wa 15: ndugu yako akikukosea, nenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Mimi nilishawaambia shangazi wawili, mawifi, na kikundi kizima cha upatu. Mwenyewe sijamwambia hata siku moja.

Kwa hiyo ukiniuliza kusamehe uanzie wapi, anzia kwa mhusika. Mwambie alichofanya, bila kupunguza. Nilimpigia huku mkono unatetemeka. Nikamtajia kiasi, nikamtajia cherehani, kisha nikamwambia sikudai tena. Akanyamaza. "Sawa, mdogo wangu." Akakata. Neno "nisamehe" sikulisikia, na siku ile nililia kwa hasira kuliko zamani. Ikabidi nianze kumwombea kwa jina lake. Mwanzoni ulikuwa unafiki mtupu: Bwana, mbariki, lakini kidogo. Ilichukua miezi hiyo "lakini kidogo" kuondoka.

Ila kusamehe si kukopesha tena. Mwaka jana aliomba laki tatu. Nikamwambia, "Kaka, ya kukopesha sina," nikampa elfu ishirini nikijua hairudi. Na kama anayekuumiza anakupiga, samehe ukiwa mbali, kwenu au baada ya kupita dawati la jinsia polisi. Mzee wa kanisa anayekurudisha usiku huohuo kwa jina la msamaha hajasoma vizuri, namwambia hata akikasirika.

Krismasi iliyopita aliingia jikoni, nami sikutoka. Akavuta kigoda, akachukua kisu, akaanza kumenya ndizi.

"Ile mashine, ulikuja kununua?"

"Nilinunua. Ya mtumba."

Akatikisa kichwa, akavuta mkungu mwingine.