Msiuze injini ya mtumbwi kabla hamjajua ini limezibwa na nini

Pole na mzee, mkuu. Kwa ulivyoeleza ni mvuvi wa Ukerewe, katapika damu mwezi uliopita, bandama limevimba, kaambiwa ana "presha ya mshipa wa ini", na sasa ukoo unataka kuuza mtumbwi na injini aende India akapimwe hiyo presha kwa mpira wa shingoni. Mimi si daktari, ila kaka yangu nimemuuguza kwa tatizo hilohilo.

Kwanza, ile mashine ya kufunga mkononi haisemi lolote hapa. Kaka ilikuwa inamsoma 110 kwa 70, zahanati wakasema presha safi, wakampa dawa za vidonda vya tumbo miezi minne mfululizo. Alfajiri moja karudi kwenye dagaa, akainama pale mwaloni, kopo tunalochotea maji mtumbwini likajaa damu yenye mabonge. Shemeji akasema katupiwa kitu. Tulipoteza siku nzima kwa maneno hayo.

Presha inayosemwa ni ya mshipa unaokusanya damu ya utumbo na bandama kuipeleka kwenye ini. Njia ikibana, damu inatafuta vichochoro, inapita kwenye mishipa ya umio, nayo inavimba hadi inapasuka.

Sasa huo mpira. Unaingizwa kwenye mshipa wa shingo, unapita moyoni, unashuka hadi mshipa unaotoa damu kwenye ini. Wanapima hapo, kisha wanajaza kipulizo kidogo kuziba mshipa na kupima tena. Tofauti ya namba mbili ndiyo jibu. Kawaida ni 1 hadi 5 kwa milimita za zebaki. Ikifika 10 ni tatizo kweli, na kuanzia 12 mishipa ya umio inaweza kupasuka. Kwa ini lililosinyaa kwa pombe au homa ya ini, hakuna kipimo kinachoaminika kuliko hicho.

Ila bingwa aliyemwona kaka alituuliza: mnakumbuka foleni ya malori yakisubiri kivuko Kigongo kabla ya daraja? Mtu akisimama ng'ambo, Busisi, anahesabu magari yanayoshuka kivukoni, ataona barabara nyeupe, aseme hakuna foleni. Kichocho cha tumbo ndivyo kilivyo. Mayai ya minyoo yake yananasa kwenye matawi ya mshipa yanapoingia ndani ya ini, makovu yanajengeka palepale mlangoni. Mpira wenyewe unapimia upande wa kutokea. Unaweza kusoma 4 au 5, mkashangilia, na huku Kigongo malori yamepanga hadi mbali. Mkuu, sisi wa ziwani tumekulia kwenye maji yenye kichocho, ndiyo maana naona msikimbilie India.

Kaka alipimwa kwa njia za kawaida. Ultrasaundi ilionyesha makovu meupe kando ya matawi ya mshipa, mshipa wenyewe milimita 16 (ukizidi 13 wanaanza kuushuku), bandama sentimita 19. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, 58,000, wakati mtu mzima huanzia 150,000. Kisha wakaingiza kamera kooni, wakaikuta mishipa imevimba, wakaifunga kwa vimpira. Alirudi mara tatu ndipo ikaisha. Kamera ndiyo ya kuuzia kitu kama bima haipo, maana inaona na inatibu palepale.

Usiache kumpima homa ya ini B na C. Mtu anaweza kuwa na kichocho na virusi kwa pamoja, na hapo hesabu inabadilika, hata ule mpira unaweza kuwa na maana. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, anywe kwa uzito wake kama daktari atakavyopanga, ila haifuti makovu ya zamani. Diklofenaki, zile dawa za maumivu za kununua dukani, akome.

Kaka yuko kwenye propranolol, dawa ya kushusha hiyo presha ya mshipa, nayo inapunguza mapigo ya moyo. Kila asubuhi anashika kifundo cha mkono, anatazama saa ya simu, midomo inahesabu. Tuliambiwa mapigo yawe kati ya 55 na 60. Siku yalipofika 48 tulipiga simu kabla hajameza. Asiiache ghafla hata akijisikia mzima.

Cheti cha ultrasaundi mnacho? Soma hapo chini kabisa wameandika nini kuhusu mshipa na makovu, na chembe sahani zake ngapi, uweke hapa. Na kama choo kimekuwa cheusi kama lami, usisubiri majibu yetu, mvusheni leo hospitali.