Hulia kila jioni: je, maziwa yangu hayamtoshi?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mwanangu wa kwanza ana wiki 6. Mchana hana shida, lakini ikifika saa 12 jioni huanza kulia huku akikunja miguu na kufumba ngumi, na huendelea hivyo hadi saa 3 usiku. Nikimbeba hutulia na kusinzia. Nikimlaza tu, huzinduka na kuanza upya. Mama mkwe anasema ni mchango, tena maziwa yangu ni mepesi, hivyo anataka nimpe maji ya mizizi. Alizaliwa na kilo 3.1, na juzi kliniki alikuwa na kilo 4.4. Nifanyeje, na nimjibuje mama bila kumvunjia heshima?
Mzazi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali la maziwa umelijibu mwenyewe: mtoto aliyeongeza kilo 1.3 kwa wiki 6 anashiba, na ikiwa pia anakojoa mara 6 au zaidi kwa siku, wasiwasi huo uuweke kando.

Kilio cha jioni cha namna hii kwa kawaida huanza katika wiki za mwanzo, hufikia kilele karibu na wiki ya 6, yaani hapo hapo ulipo sasa, kisha hupungua hadi kutoweka anapofika miezi 3 au 4. Kukunja miguu hakuthibitishi kwamba tumbo linauma, kwa sababu mtoto mchanga akilia kwa nguvu hujikunja mwili mzima, na hewa anayoimeza wakati wa kulia ndiyo humjaza gesi.

Kosa ninaloliona mara nyingi nyumbani ni haraka. Mtoto hunyonyeshwa dakika mbili, akarushwarushwa, akapokewa na shangazi, akarudishwa kwa mama, huku televisheni ikivuma na taa zote zikiwaka. Mnyonyeshe kila anapotaka, hata kama jioni atataka mfululizo, kisha mcheulishe, punguza mwanga na sauti, umweke kifuani ngozi kwa ngozi, umfunike kanga na kutembea naye polepole. Kwa kuwa shingo yake bado ni laini, mgongoni asubiri kwanza.

Kuhusu kuzinduka akilazwa, watafiti wa Japani walieleza mwaka 2022 kwamba mtoto anayelia abebwe kwa kutembea dakika 5, kisha mbebaji aketi naye dakika nyingine 5 hadi 8 usingizi ukolee, ndipo alazwe. Bibi zetu walitembea hivyo hivyo uani bila kuangalia saa. Ambalo wengi wetu hulisahau ni kule kuketi.

Maji ya mizizi usimpe. Hadi miezi 6 mtoto hahitaji kitu zaidi ya maziwa ya mama, isipokuwa dawa aliyoandikiwa na mtaalamu. Maji hujaza tumbo dogo bila kulishibisha, na huweza kumletea kuhara.

Utakapohisi hasira inapanda, nayo humpanda hata mama mpole, mlaze chali mahali salama, utoke nje dakika chache, kisha urudi. Kamwe usimtikise, kwa maana mtikiso huweza kumwumiza ubongo au kumwua. Na kama kilio kimebadilika ghafla, au anakataa kunyonya, amelegea, ana degedege, utosi umevimba, anatapika nyongo ya kijani, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, au joto la kwapani limefika nyuzi 37.5, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali usiku huo huo.

Kwa mama mkwe, usiende na ubishi. Nenda naye kliniki siku ya kupima uzito, aone kadi na amsikie muuguzi mwenyewe. Kisha mwombe amshike mjukuu wake kuanzia saa 12 na nusu, nawe uoge na kula chakula kikiwa bado cha moto.